Jinsi ya Kuotesha Nyasi za Jangwa Kando ya Ziwa

Kabla ya yote, hakikisha huna jangwa. Mwongozo huu ni wa watu wa Chato, watu ambao wakifungua mlango alfajiri wanaliona Ziwa Victoria limejilaza pale kama ng'ombe aliyeshiba, na ambao mvua yao ya mwaka mzuri inakaribia milimita 1,000. Mwenye jangwa la kweli hana haja ya kufundishwa. Nyasi zake anazijua moja moja, kama mwenye duka anavyowajua wanaokopa. Sisi wa kando ya maji ndio tunaohitaji somo, kwa sababu kila mwaka ikifika Agosti tunashangaa upya kugundua kwamba ng'ombe hanywi tu, anakula pia.

Nyasi ninazozisemea wataalamu wa malisho huziita Cenchrus ciliaris. Wamarekani na Waaustralia huziita bafeli. Mimi nitaziita mkia wa mbweha, kwa kuwa suke lake lina manyoya na limefubaa rangi kama mkia wa mnyama aliyenyeshewa mvua na kukauka bila kujitikisa. Ni mzaliwa wa Afrika. Milimita 300 za mvua kwa mwaka zinamtosha. Mizizi yake hushuka mita mbili na zaidi kutafuta unyevu, na hata kiangazi kikiunguza kila kitu juu, kisiki chake hubaki hai chini kikisubiri. Ukiona sifa hizi utajiuliza kwa nini kiumbe wa namna hii ahitaji mtunzaji. Umeuliza vizuri. Endelea kusoma.

Kwanza, mbegu. Usiende kuitafuta porini, utaonekana umeishiwa. Panda basi mpaka Mwanza, ingia duka la pembejeo lenye kiyoyozi, omba mbegu ya kutoka nje. Mimi nilipewa mfuko ulioandikwa Biloela, Australia, na muuzaji alilitamka jina hilo kwa heshima, kana kwamba ni mshambuliaji aliyesajiliwa dirisha dogo. Nililipa bila kulalamika. Nyumbani ndipo nikafanya kosa la kusoma. Biloela ni mji mdogo wa Queensland, ndiyo, lakini mbegu yenyewe asili yake ni Dodoma. Ilichumwa hapa hapa Tanganyika enzi za mkoloni, ikavushwa bahari, ikajaribiwa, na miaka ya 1950 ikatangazwa kwa wafugaji wa kule ikiwa na jina jipya. Dada yake aliyetoka Turkana alifika Texas mwaka 1946 na akaolewa huko moja kwa moja. Kwa hiyo mfuko niliokuwa nimeushika ulikuwa na Mgogo aliyerudi likizo na lafudhi, na nauli yake ya kwenda na kurudi nimeilipa mimi. Watu wa ukanda wa dhahabu hatuhitaji kuelezwa biashara hii. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia kwa sababu ya mchanga wenye dhahabu uliokuwa ukisafiri kwenda nje kwa makontena.

Mbegu ukishaipata, ifungue taratibu na milango ikiwa imefungwa. Si punje kama za mtama. Ni vinyoya. Vinashika kwenye sweta, kwenye nywele, kwenye neti ya mbu, na upepo wa ziwa ukipita dirishani, shamba lako linahamia kwa jirani kabla hujaweka jembe chini. Dawa yake ni kuichanganya na mchanga mkavu ili ipate uzito, au kuivingirisha kwenye udongo mbichi ikawa vidonge. Na kama umeichuma mwenyewe msimu huu, usiipande msimu huu. Mbegu mbichi ya mkia wa mbweha ina usingizi wa miezi sita hadi kumi na miwili, na haiamshwi kwa mvua wala kwa matusi. Iweke kwenye kiroba, mahali pakavu, uwaambie watu wa nyumbani ni kitu gani.

Mimi sikuwaambia. Mavuno yangu ya kwanza mke wangu alidhani ni sufi, akayajaza kwenye mto wa kochi. Nilipoanza kupandisha sauti nikakumbuka kwamba huko Australia husimuliwa mbegu za kwanza ziliingia miaka ya 1870 zikiwa zimejazwa ndani ya matandiko ya ngamia. Bara zima lilipata malisho kupitia makalio ya wasafiri. Nikakaa juu ya mto wangu nikanyamaza.

Sasa udongo. Hapa mzee yeyote wa Kisukuma atakusaidia kuliko kipimo cha maabara. Mwonyeshe mteremko, atakusomea kutoka juu kwenda bondeni kama anasoma majina ya wajukuu: luseni, udongo wa kichanga, itogolo, ule mgumu unaokataa maji, kisha mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kumeza viatu masika. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, Geoffrey Milne, aliutazama mpangilio wa namna hii katika miteremko ya Afrika Mashariki, akaupa jina la Kilatini, katena, maana yake mnyororo, na leo jina hilo limo kwenye vitabu vya udongo vya dunia nzima. Wazee hawakupata hata ugoro.

Mkia wa mbweha unataka luseni, au udongo mwekundu unaopitisha maji. Mbugani utakufa. Usichoweza kuufanyia kabisa ni kuutosa, na hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu bustani yangu ya kwanza niliiweka karibu na ufuko. Nilifikiri kama mtu anayemkaribisha mgeni kutoka kwenye njaa: nikamkalisha karibu na chungu. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Majani yakawa ya njano, nikaongeza maji. Halafu ikaja Mei 2020, ziwa likapanda kufikia kina ambacho vitabu havikuwahi kuandika, na nyasi zangu za jangwa zikawa nyumba ya sato. Nadhani mimi ndiye mkulima pekee niliyeng'oa bafeli kwa ndoano.

Ukiwa umepata kiwanja kikavu, lima, sawazisha, kisha mwaga mbegu mvua zinapoanza na kuifukia sentimita moja. Mbili ni nyingi. Katika hatua hii wilaya nyingine wanaweza kuendelea bila msaada, lakini kwetu ndipo shughuli inapoharibikia, kwa maana katika mkoa wa Geita neno chimba halina kipimo kidogo. Niliajiri kijana mwenye mikono mizuri, aliyekuwa amepumzika machimboni, nikamwambia anichimbie vishimo vya mbegu halafu nikaenda Bwanga kwa shughuli zangu. Niliporudi jioni nilikuta mashimo manne, la kwanza likimfika kiunoni, la nne sikuona kichwa chake. Alikuwa ameshauliza kwa jirani zilipo nguzo za kufunga matimba. Nikamwuliza kulikoni. Akapandisha uso, akajifuta, akaniambia kwa upole kama anayemfundisha mtoto, "Mzee, huku juu hakuna kitu."

Hapa niseme jambo moja bila mzaha. Mchanga wa marudio, ule uliokwisha kupita karashani na kuoshwa, huonekana mzuri na laini, na wapo wanaoona ni udongo wa bure wa kusawazishia kitalu. Umepita kwenye zebaki, na mwingine umepita kwenye sianidi. Usiupandie chochote kitakacholiwa na ng'ombe ambaye maziwa yake yatanywewa na mtoto.

Baada ya wiki moja hadi tatu utaona vijani vyembamba. Sasa ndipo matunzo yenyewe yanapoanza, na nisome polepole: usifanye kitu. Usimwagilie kila siku. Usipunguzie, usipandishie udongo, usichume kuonja. Kaa mbali mpaka zitoe masuke na kumwaga mbegu za kwanza, hata kama ng'ombe wanakutazama kwa macho ya mayatima. Umewahi kumwona mtu wa hapa amekaa karibu na majani mabichi, ana ng'ombe, na hafanyi kitu? Ni kazi ngumu kuliko kubeba kifusi.

Ambao waliiweza kazi hiyo ni jirani zetu wa Shinyanga, na kila anayetaka kujifanya mtaalamu wa nyasi kavu lazima apitie kwao. Mkoa ule ulikuwa na miti. Wakati wa mkoloni misitu ilifyekwa kwa maelfu ya hekta ili mbung'o wakose kivuli. Pamba ikaingia, ikataka mashamba. Mifugo ikaongezeka. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini, na maeneo ya malisho ambayo kila kaya ilikuwa imeyatenga yakabaki bila mwenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 watu waliisemea Shinyanga kama jangwa la Tanzania, na hawakuwa wanatania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Waliokuja na mradi walikuja na vitalu vya miche, wakaipanda, mingine ikafa. Kisha wakafanya jambo la ajabu kwa mradi: wakawauliza wenyeji. Wenyeji wakawaambia habari za ngitili.

Ngitili ni hivi. Mvua zikianza, unafunga kipande cha ardhi. Hakuna ng'ombe kuingia, hakuna mbuzi, hata wa shemeji. Nyasi zinaota, zinazeeka zikiwa zimesimama, zinakauka na kuwa hei bila kukatwa na mtu. Ikifika Julai au Agosti, wakati kwingine kumebaki vumbi, unafungua, tena kwa vipande, leo huku, wiki ijayo kule. Basi. Hakuna mashine ndani yake, hakuna dizeli, hakuna vipuri vya kuagiza. Ndiyo maana ni vigumu sana kuiandikia bajeti. Lakini kutoka hekta mia kadhaa zilizojulikana wakati HASHI inaanza, inakadiriwa kwamba kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000, na pamoja na nyasi ilirudi miti, asali, kuni, dawa na sungura wa kitoweo.

Siri haikuwa nyasi. Ilikuwa dagashida, baraza la wazee, na sungusungu waliosimamia lile neno "usiingie". Mtu akiingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mwenzake alitozwa faini mbele ya watu anaowajua, halafu kesho yake akutane nao kisimani. Hakuna seng'enge yenye miba mikali kama hiyo. Wengi wetu Chato ni watoto na wajukuu wa waliohama kutoka kule. Tulikuja na ng'ombe, tukaja na ngoma, tukaja na plau na mbegu ya mtama. Ngitili tukaiacha, tukisema huku majani yapo mengi.

Kwa hiyo wewe ambaye huna dagashida itabidi ujenge ua. Shauri langu ni minyara, kwani haiibiwi, haihitaji maji na mbuzi anaiheshimu. Ukiikata, simama upande upepo unakotoka na usijifute macho. Utomvu wake ulinifundisha hilo siku moja tu na sijarudia darasa.

Ua utazuia mbuzi wanaotumia miguu minne. Kuna wageni wengine, na hao hawazuiwi na minyara. Mwaka jana mama mkwe alikuja kutoka Sengerema kututembelea. Katika malezi yake, nyumba yenye nyasi uani ina mambo mawili, nyoka na mke mvivu, na kwa kuwa mke wangu ni binti yake, alijua hawezi kuwa mvivu, kwa hiyo amezidiwa. Nilitoka alfajiri kwenda Buseresere. Niliporudi, kitalu changu cha miezi mitano, kile ambacho nilikuwa nimekikazia macho bila kukigusa kama mfungaji wa Ramadhani mbele ya tende, kilikuwa cheupe. Kilikuwa kimefagiliwa kwa ufundi, na mistari ya fagio la chelewa ilikuwa imenyooka kama ukosi wa shati jipya. Rundo lilikuwa linafuka moshi chini ya mwembe.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Pole na safari. Nimewasaidia kidogo hapo nje."

Mkwe anajibiwa kwa neno moja tu duniani. "Ahsante mama," nikasema, nikaingia ndani kukaa kwenye ule mto.

Jambo ambalo mama mkwe hakulijua, wala mimi, ni kwamba moto na jembe la juu juu havimtishi sana huyu kiumbe. Mvua ya kwanza ya Oktoba ilipogusa pale, visiki vilitoa majani kana kwamba vilikuwa vimekwenda msibani tu. Na mbegu haihitaji hata mume. Kwa sehemu kubwa kiini chake hujitengeneza bila kurutubishwa, kila mtoto akiwa nakala ya mama yake. Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne nilianza kuogopa, na wewe unapaswa kuogopa pia, kwa sababu hii ndiyo hatua ambayo mfuko wa dukani hauiandiki.

Kule Arizona, walikoipanda wapate malisho, ilitoka mashambani ikapanda milima ya jangwa la Sonora. Lile jangwa halikuwa na mazoea ya moto, mimea yake ilikaa mbali mbali kama watu waliogombana. Bafeli ilijaza nafasi katikati, ikakauka, ikashika moto, ikaota tena, huku yale madungusi makubwa yaitwayo saguaro, yenye umri wa miaka mia na zaidi, yakiungua na kutorudi. Leo mjini Tucson watu wenye kazi zao nzuri hupanda milimani siku za mapumziko na mitaimbo kwenda kung'oa nyasi za Turkana kwa mikono. Na Alice Springs, katikati ya Australia, waliipanda kuzuia vumbi, hata kwenye uwanja wa ndege. Vumbi likatulia kweli. Nyasi hazikutulia. Mwaka 2024 serikali ya jimbo lao ilitangaza rasmi kwamba ni gugu.

Nasi Chato tuna uwanja wa ndege, tena wenye nafasi ya kutosha na vumbi lake. Nawaomba wahusika wasiusome mwongozo huu kwa haraka.

Nyumbani kwake mkia wa mbweha ana wakubwa zake: mchwa, swala, ng'ombe, na sasa mama mkwe. Hapotezi adabu hivi hivi. Hata hivyo usiumwage ovyo karibu na hifadhi za taifa, Rubondo wala Burigi-Chato. Hifadhi ile ya pili imepewa hadhi yake mwaka 2019 tu, isianze maisha na mgeni asiyeaga. Weka zako uani, zikate zinapoanza kutoa masuke, ukiacha kisiki cha sentimita kumi hadi kumi na tano. Anika siku mbili au tatu, ukigeuza, mpaka zinukie kama chai ya majani. Shindilia kwenye sanduku la mbao lisilo na kitako, funga kwa kamba ya katani, na robota lako liko tayari. Ukichelewa mpaka masuke yakomae utapata mbegu nyingi na chakula cha ng'ombe chenye ladha ya mkeka. Chagua kimoja. Mbolea ni samadi, na ng'ombe atakuletea mwenyewe.

Majirani wakiliona robota la kwanza watacheka. Agosti hawatacheka. Watakuja jioni, mmoja mmoja, wakianza na habari za watoto, kisha za ziwa, kisha bei ya dagaa, na mwisho watauliza kama yale majani ya kizungu yapo ya kugawa. Jibu lake liandae tangu Januari.

Mwaka huu nilipata mbegu za kutosha kiroba kimoja, na safari hii nilikiandika kwa herufi kubwa SI MTO. Mpwa wangu anafuga mbuzi nje kidogo ya Dodoma, na alikuwa amenipigia simu mara tatu akilalamika malisho. Nikampelekea nusu kwa basi, na maelekezo ya kuiweka miezi tisa kabla ya kuipanda. Juzi akapiga tena. Ameupata mzigo, anashukuru, ila ana wasiwasi kidogo.

"Mjomba," akasema, "hii mbegu ya Australia itakubali kweli udongo wa huku?"